Kwa nini faili moja ndani ya ISO halibadiliki mpaka niijenge ISO yote upya?

Mwalimu wa Maabara (Newala) — Jumatatu, saa 2:10 usiku

Habari za jioni, wakuu. Ninafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari hapa Newala. Maabara yetu ina mashine 22 zilizochangwa kutoka sehemu mbalimbali, kwa hiyo hazifanani sura wala umri. Nataka kuziwekea zote mfumo wa Linux uitwao Debian bila kukaa mbele ya kila moja nikijibu maswali yale yale ya lugha, saa na nywila. Nimeshaandika faili la majibu, preseed.cfg, lenye mistari isiyofika 40. Kilichobaki ni kuliingiza ndani ya ISO (faili moja lenye nakala ya diski nzima) ya DVD ya kwanza, ambayo ina karibu gigabaiti 4, kisha nirekebishe mstari mmoja katika grub.cfg na mwingine katika txt.cfg ya isolinux, yaani mafaili ya menyu za kuwashia.

Nimeipachika ISO kwa amri hii:

`mount -o loop debian.iso /mnt`

Nilipofungua faili kwa nano nikaambiwa kwamba ni la kusoma tu. Nikajaribu `mount -o remount,rw /mnt` nikiwa root (msimamizi mkuu), ikakataa. Nikalipa faili la ISO lenyewe ruhusa zote kwa chmod, hali ikabaki vile vile. Zip naiongezea faili kwa amri moja, sasa kwa nini ISO inanilazimisha nimwage gigabaiti nne sakafuni ili nibadilishe baiti mia mbili? Huu ni ukaidi wa Linux au ni maumbile ya ISO?

Fundi wa Ligula — saa 2:31 usiku

Mwalimu, tatizo liko kwenye kerneli, kiini cha Linux. Draivu ya isofs, inayosoma ISO ndani ya Linux, haina msimbo wa kuandika hata kidogo, kwa hiyo uwe root au usiwe, hakuna mlango wa kukufungulia. Angejitokeza mtu akaiandika sehemu hiyo, ungeihariri ISO kama unavyohariri flashi.

Jahazi la Mikindani — saa 2:58 usiku

Fundi, nakuunga mkono nusu ya njia. Ni kweli kwamba draivu haina msimbo huo, lakini haina kwa sababu ya umbo lenyewe. ISO 9660 ilitoka mwaka 1985 kwa ajili ya CD, kitu ambacho kilichapwa kiwandani mara moja na hakikutarajiwa kuguswa tena. Ndani yake hakuna ramani ya nafasi zilizo wazi, kwa sababu hakuna nafasi iliyo wazi. Kwa kawaida kila faili ni kipande kimoja kisichokatika kinachoanzia sekta fulani, sekta ikiwa na baiti 2,048, na saraka inatunza tu namba ya sekta ya mwanzo pamoja na urefu wa faili.

Mfikirie nahodha anayepakia magunia kuanzia ngamani hadi usawa wa sitaha bila kuacha upenyo. Ukitaka kulitoa gunia la chini na kuweka lililonona zaidi, utapakua shehena. FAT na ext4 (mipangilio ya mafaili ya flashi na diski) huweka daftari la nafasi zilizo wazi, ndiyo maana zinaharirika.

Karani wa Masasi — saa 3:20 usiku

Naomba kusahihisha tarehe kabla haijanukuliwa kwingine. Mwaka 1985 ni mwaka ambao wawakilishi wa makampuni walianza kukutana katika hoteli iliyoitwa High Sierra, karibu na Ziwa Tahoe huko Marekani. Pendekezo lao lilitoka 1986, na kiwango chenye namba 9660 kikachapishwa 1988.

La pili ni zito zaidi. Hakuna ulazima wa kupakua shehena yote. Jahazi anasema hakuna nafasi katikati, nami nakubali, lakini mwishoni nafasi ipo, kwa sababu faili la ISO lililo kwenye diski yako linaweza kurefushwa. Karani wa chama cha msingi akikosea uzito wa korosho kwenye leja hafuti kwa wembe. Anafungua ukurasa mpya, anaandika uzito sahihi, na anarekebisha faharasa ili msomaji aelekezwe kwenye ukurasa huo. Programu ya xorriso hufanya hivyo hivyo: huandika mafaili mapya mwishoni mwa taswira (yaani ISO), huandika mti mpya wa saraka, kisha hubadilisha kielekezi kilichoko sekta ya 16 ili kiuonyeshe mti huo mpya.

Hata hivyo, kwa mtu anayeanza ningependekeza kwanza utoe nakala nyingine na uache ya asili salama:

`xorriso -indev debian.iso -outdev mpya.iso -boot_image any replay -map preseed.cfg /preseed.cfg -map grub.cfg /boot/grub/grub.cfg -map txt.cfg /isolinux/txt.cfg`

Hapo huhitaji folda ya kumwagia kitu chochote. Neno `replay` linaiambia programu ichunguze jinsi ISO ya asili inavyowaka na kurudia mpangilio huo katika ISO mpya. Matoleo ya zamani ya xorriso hayalitambui neno hilo.

Bi Shangani — saa 3:44 usiku

Mwalimu, hata zip haifanyi unachodhani. Ukiiongezea faili, programu huandika kumbukumbu nzima upya kwenye faili la muda, kisha hulibadilisha jina likachukua nafasi ya lile la mwanzo. Wewe huoni kwa sababu zip zako ni ndogo. Tar nayo huongeza mkiani tu, na faili la zamani hubaki mle mle. Kwa hiyo ISO si mkaidi peke yake.

Ninaongeza tahadhari juu ya leja ya Karani. Ukiirefusha ISO kwa mtindo wa kuandika mwishoni, ulichokifuta hakijaondoka, kimeondolewa kwenye faharasa tu. Niliwahi kuweka nywila ya root kwa herufi za kawaida ndani ya preseed, nikagundua kosa, nikaandika faili jipya juu yake, nikadhani nimemaliza. Baada ya wiki mbili kijana wa mafunzo aliendesha `strings`, amri inayotoa maandishi yaliyomo ndani ya faili, juu ya ISO ile na kuisoma nywila kwa sauti mbele ya watu. Tumia `passwd/root-password-crypted`, na usiandike nywila yenyewe popote.

Fundi wa Ligula — saa 3:50 usiku

Mtu wa Newala ameona gigabaiti nne zinamwagika akashtuka. Watu waliolelewa kwenye uhaba wa maji hawamwagi kitu ovyo.

Mwalimu wa Maabara (Newala) — saa 4:05 usiku

Fundi, maji yakikosekana kwenu Ligula mnapiga kelele siku hiyo hiyo, sisi tunayasubiri kwa adabu.

Nashukuru kwa maelezo. Kuna jambo sikulisema mwanzoni kwa aibu. Kabla ya kuja hapa nilikwisha kuifungua ISO kwa 7z na kuijenga upya kwa genisoimage, programu ya kuunda ISO. Ndani ya mashine ya kubuni, QEMU, iliwaka vizuri kabisa na ikasoma preseed yangu. Nilipoiandika kwenye flashi kwa dd (amri ya kunakili baiti) na kuichomeka kwenye mashine za maabara, zote 22 zilionyesha kistari kinachopepesa kwenye kona ya juu, basi. ISO ya asili kwenye flashi hiyo hiyo inawaka.

Jahazi la Mikindani — saa 4:17 usiku

Hilo lina jibu. QEMU umeipa ISO kama CD, na CD huwashwa kwa utaratibu uitwao El Torito, aliouvumbua mhandisi mmoja Mhispania. Flashi haiwashwi hivyo. BIOS, programu inayoiamsha mashine, inaiona flashi kama diski kuu, kwa hiyo inatafuta MBR, yaani rekodi ya kuwashia, katika baiti 512 za mwanzo. Sekta 16 za kwanza za ISO 9660, yaani baiti 32,768, kiwango kimeziacha wazi, na watengenezaji wa Debian huitumia nafasi hiyo kuficha MBR ili ISO moja iwake kwa njia zote mbili. Ulipoifungua kwa 7z ulitoa mafaili, lakini MBR si faili, haikutoka pamoja nayo. Genisoimage nayo haikuijaza sehemu hiyo.

Pima mwenyewe:

`xxd -s 510 -l 2 mpya.iso`

Ukiona `55aa`, alama ya MBR ipo. Ukiona sufuri, hiyo ndiyo sababu.

Karani wa Masasi — saa 4:26 usiku

Mhispania hayupo. El Torito ni jina la mgahawa wa vyakula vya Kimeksiko huko Irvine, California, na waraka wenyewe uliandaliwa na Phoenix pamoja na IBM, ukatoka Januari 1995. Mengine yote ya Jahazi kuhusu sekta 16 ni sahihi.

Jahazi la Mikindani — saa 4:29 usiku

Wahandisi walikuwa na njaa basi. Nimesahihishwa mara mbili katika usiku mmoja na mtu wa Masasi, sijui kesho nitapitaje sokoni.

Mchungaji wa Seva (Nachingwea) — Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Nimesoma uzi wote nikinywa chai. Sikatai hoja ya MBR, ila naiona imekubaliwa mapema mno. Mashine zilizochangwa mara nyingi huchanganya za BIOS na za UEFI, mrithi wa BIOS, na hizi za UEFI hazijali msimbo wa kuwashia wa MBR, zinatafuta patisheni (sehemu ya diski) ya EFI. Katika ISO ya Debian patisheni hiyo ni taswira ndogo ya FAT iliyomo kama faili, boot/grub/efi.img. Genisoimage ukiipa `-b isolinux/isolinux.bin` peke yake, hujaitaja efi.img popote, kwa hiyo kwa mashine za UEFI hapo hakuna cha kuwasha. Mwalimu, ulitaja?

Ukitaka kuiona ISO ya asili ilivyoumbwa, usikisie. Iulize yenyewe:

`xorriso -indev debian.iso -report_el_torito as_mkisofs`

Itakuchapia chaguo zote za kuijenga tena.

Bi Shangani — saa 1:40 asubuhi

Nami ninaishuku lebo. Niliwahi kuijenga upya ISO ya Fedora nikabadilisha jina la diski likawa jina la ofisi yetu, na usakinishaji ukafia njiani, kwa sababu mstari wa kuwashia ulikuwa ukiitafuta diski kwa lebo yake ya zamani.

Mchungaji wa Seva (Nachingwea) — saa 1:52 asubuhi

Dada, kwa Fedora ni kweli kabisa. Debian haitafuti kwa lebo, hukagua vifaa kimoja kimoja mpaka ione yaliyomo. Tena lebo ingeleta kosa baada ya menyu kuonekana, na Mwalimu hajaiona menyu.

Fundi wa Ligula — saa 2:20 asubuhi

Kwa nini hakuna anayeishuku flashi? Mwezi uliopita niliuziwa flashi dukani yenye maandishi ya gigabaiti 32, ambayo ukweli wake ulikuwa chini ya 8. Ikishajaa hukubali kuandika bila kulalamika, lakini ukirudi kusoma unakuta takataka. Linganisha ulichoandika na kilichomo:

`cmp -n $(stat -c %s mpya.iso) mpya.iso /dev/sdb`

Amri ikinyamaza, flashi ni nzima. Pia wengine huichomoa dd inapomaliza kabla kache haijateremka, kwa hiyo andika kwa `conv=fsync` na usiwe na haraka.

Jahazi la Mikindani — saa 2:33 asubuhi

Amesema ISO ya asili inawaka kwenye flashi hiyo hiyo, Fundi. Soma uzi.

Fundi wa Ligula — saa 2:36 asubuhi

Nimeusoma. Flashi inaweza kuharibika kati ya jaribio la kwanza na la pili, hasa umeme ukikatika wakati wa kuandika.

Mwalimu wa Maabara (Newala) — saa 10:40 jioni

Nimerudi na majibu. Kwanza, xxd ilionyesha sufuri mbili, kwa hiyo Jahazi alikuwa sahihi kwamba MBR haikuwapo. Niliendesha `isohybrid mpya.iso`, amri inayoitia ISO MBR, nikapima tena, nikaona 55aa. Pili, efi.img sikuitaja, lakini mashine zote ni za BIOS ya kizamani au zimewekwa katika hali hiyo. Nimepita kwenye mipangilio ya kila moja. Tatu, cmp ilinyamaza.

Baada ya isohybrid mashine 15 zimewaka na menyu imeonekana. Mashine 7 zimebaki na kile kistari kinachopepesa. Hizo hizo 7 zinaiwasha ISO ya asili bila shida.

Jambo dogo la pembeni: baada ya 7z kulizuka folda iitwayo `[BOOT]`, nami nikaijumuisha katika ISO mpya kwa kudhani ni ya Debian. Na mafaili yote yalipotoka yalikuwa ya kusoma tu, ikanibidi niendeshe `chmod -R u+w`.

Karani wa Masasi — saa 11:05 jioni

Folda ya [BOOT] ni ya 7z, humo huweka zile taswira za kuwashia ilizozikuta. Haidhuru kitu ila inachukua nafasi. Chmod hukukosea, kwani genisoimage ikipewa `-boot-info-table` huandika jedwali dogo ndani ya isolinux.bin yenyewe, na faili likiwa la kusoma tu itashindwa.

Kuhusu mashine 7, naona kwamba MBR iliyotiwa na isohybrid si lazima ifanane na ile ya Debian. Jedwali la patisheni linaweza kutofautiana mahali patisheni inapoanzia, aina yake, na kama imewekewa alama ya kuwasha. BIOS nyingine za zamani hukataa diski isiyo na patisheni yenye alama hiyo. Linganisha majedwali hayo kwa `fdisk -l debian.iso` na `fdisk -l mpya.iso`.

Mchungaji wa Seva (Nachingwea) — saa 11:30 jioni

Ama uikate MBR ya asili uipandikize. Baiti 432 za mwanzo ndizo msimbo wa kuwashia, na jedwali hujengwa upya:

`dd if=debian.iso bs=1 count=432 of=mbr.bin`

Kisha uijenge ISO kwa `xorriso -as mkisofs` ukitaja `-isohybrid-mbr mbr.bin` pamoja na zile chaguo ilizokuchapia. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi kuliko hiyo `replay`, labda kwa mazoea ya uzee.

Mwalimu, unajua pia kwamba huna haja ya kuigusa ISO? Weka preseed.cfg kwenye kompyuta moja ya maabara yenye seva ya wavuti, washa ISO ya asili, na kwenye mstari wa kuwashia andika `auto url=` ukifuatisha anwani ya kompyuta hiyo. Faili likibadilika unalihariri mahali pamoja na flashi zote zinabaki zilivyo.

Mwalimu wa Maabara (Newala) — saa 12:10 jioni

Mzee, swichi ya maabara ilipigwa na radi msimu wa mvua uliopita na haijapatiwa mbadala. Ningekuwa na mtandao wa ndani nisingekuwa hapa nikibembeleza ISO.

Bi Shangani — saa 1:25 usiku

Basi kwa yale mabadiliko madogo kabisa kuna njia ambayo haijatajwa. ISO 9660 haihifadhi alama ya ukaguzi ya yaliyomo ndani ya faili, kwa hiyo maandishi yakibadilishwa kwa urefu ule ule, baiti kwa baiti, taswira haitambui lolote. Tafuta mahali yalipo kwa `grep -abo`, kisha uandike juu yake kwa dd ukiweka `bs=1`, `seek=` na namba uliyopewa. Usisahau `conv=notrunc`. Ukiisahau, dd itaikata ISO palepale ulipoandika, na gigabaiti zako nne zitakuwa hadithi. MBR haiguswi, El Torito haiguswi, hakuna kilichohama.

Preseed.cfg huwezi kuiingiza kwa njia hiyo kwa sababu ni faili jipya, lakini mstari wa menyu unaweza, ukifupisha maneno mengine na kujaza nafasi tupu ili urefu usibadilike.

Jahazi la Mikindani — saa 1:41 usiku

Hiyo ni kubadilisha gunia kwa gunia la uzito ule ule. Nimeipenda. Lakini ndani ya ISO ya Debian kuna md5sum.txt, orodha ya alama za ukaguzi za mafaili, na mtu akichagua ukaguzi wa diski kwenye menyu, faili lililoguswa litatangazwa kuwa bovu. Hili linahusu njia zote zilizotajwa hapa, si ya Bi Shangani peke yake. Rekebisha mistari ya mafaili uliyoyagusa ndani ya md5sum.txt, nalo uliingize kwa `-map`.

Na swali la maabara: umeweka `auto=true` kwenye mstari wa kuwashia? Preseed iliyo kwenye diski husomwa baada ya diski kupachikwa, ilhali lugha na kibodi huulizwa kabla ya hapo. Bila `auto` utajibu maswali hayo mara 22.

Mwalimu wa Maabara (Newala) — Jumamosi, saa 9:15 alasiri

Nimeweka auto, na saa inajiweka yenyewe kwenye Africa/Dar_es_Salaam. Ile amri ya Karani yenye `replay` imechukua dakika nne kwenye kompyuta yangu na haikuhitaji folda yoyote.

Kati ya mashine 7 zilizogoma, 5 sasa zinawaka. Mbili zimebaki, na hapo ndipo akili yangu inapochoka, kwa sababu fdisk inaonyesha majedwali mawili yanayofanana kila kitu isipokuwa ukubwa wa patisheni ya kwanza, ambao umeongezeka kidogo. ISO ya asili bado inaziwasha zote mbili.

Karani wa Masasi — saa 9:32 alasiri

Ukubwa kuongezeka ni sawa, kwa kuwa umeongeza faili. Ninashuku BIOS hizo mbili zinakokotoa umbo la diski kutokana na jedwali, zile hesabu za silinda na vichwa, na ukubwa mpya hauangukii kwenye mpaka wa silinda.

Mchungaji wa Seva (Nachingwea) — saa 9:50 alasiri

Au zinaisoma ile GPT (jedwali la patisheni la kisasa) iliyochanganywa na MBR na kuchanganyikiwa nayo. Nimeziona za namna hiyo.

Fundi wa Ligula — saa 9:54 alasiri

Je, ni flashi ile ile ya Jumanne?

Mwalimu wa Maabara (Newala) — saa 10:02 jioni

Hapana. Ile ya Jumanne mwanafunzi ameazima. Hii ni nyingine, na ISO ya asili niliijaribu kwa ile ya kwanza.

Fundi wa Ligula — saa 10:03 jioni

Nilisema nini mimi?

Jahazi la Mikindani — saa 10:15 jioni

Usimpe ushindi bado. Mwalimu, andika ISO ya asili kwenye flashi hii ya leo uijaribu kwenye zile mbili, kisha utuwekee hapa majibu ya `xorriso -indev mpya.iso -report_system_area plain` pamoja na yale ya debian.iso. Nadharia ya silinda naiona ina mashiko, lakini nimeshasahihishwa vya kutosha wiki hii.

Mwalimu wa Maabara (Newala) — saa 10:20 jioni

Umeme umekatika. Ukirudi nitayaweka.